Pengo la mita 3 uani Arua: kuchagua mimea ya nyuki inayochanua kiangazi

Nyumba iko pembezoni mwa mji wa Arua, Nile Magharibi, Uganda, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200. Uani kuna mwembe mkubwa, mistari michache ya sukuma na biringanya, na upande wa mashariki, kati ya mwembe na uzio wa miti, palikuwa na mpera mzee. Mpera ulikatwa mwezi Oktoba, ukaacha pengo la mita 3 kwa mita 2.2. Jua hulifikia saa 3 asubuhi, na kivuli cha mwembe hurudi hapo saa 9 alasiri. Ni saa 6 za jua kamili. Udongo ni mwekundu, una kokoto, na umekandamizwa na miguu ya watu waliokuwa wakipita chini ya mpera miaka yote hiyo. Kijia cha kwenda chooni kinapita ukingoni mwa pengo lenyewe.

Mama mwenye nyumba alitaka pengo lijae maua yatakayoleta nyuki kiangazi, kwa sababu biringanya na maboga yake yalikuwa yakidondosha maua bila kushika matunda. Masharti yalikuwa mawili. Watoto wanaopita kijiani wasidungwe, na maji ya kumwagilia yasizidi jerikani 6 za lita 20 kwa wiki, maana kiangazi maji yanabebwa.

Mwezi Januari alikwenda kwenye vitalu vya kando ya barabara. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

“Mama, haya yanachanua mwaka mzima.”

“Na nyuki watayapenda?”

“Nyuki anapenda ua lolote, Mama. Wewe mwagilia tu.”

Akarudi na miche 14, yote ikiwa na maua tayari: petunia, zinia na bangi-ulaya (marigold) vya petali nyingi zilizojaa kama pamba, na miche 2 ya lavenda. Kufikia mwisho wa Februari miche 11 ilikuwa imekufa. Bangi-ulaya 3 zilizosalia zilikuwa na maua mazuri kabisa, na hakuna nyuki aliyetua juu yake.

Kilichoharibika

Ni rahisi kusema maji hayakutosha. Kweli hayakutosha, lakini hata maji mara mbili ya hayo yasingeiokoa bustani hii.

Kwanza ni wakati. Arua mvua huanza karibu Aprili na kuisha Novemba, kisha ukavu hukaa kuanzia Desemba hadi Machi. Mche uliolelewa kwenye kifuko cha plastiki, ukimwagiliwa kila jioni, una mizizi inayojaza kifuko na basi. Ukiuhamisha Januari, hewa kavu na upepo huvuta maji kwenye majani kuliko mizizi hiyo inavyoweza kuyapandisha. Mche ulio na maua huumia zaidi, kwa kuwa nguvu yake inakwenda kwenye ua badala ya kwenda kwenye mzizi. Mmea wa kuchanua Januari hupandwa mvua zikiwepo, ukapewa miezi ya kushuka chini. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulikosa: wanaliona pengo la ardhi wakati ambao hawawezi tena kuliziba, na pengo lenyewe kwa nyuki ni la miezi zaidi kuliko la udongo.

Pili ni umbo la ua. Chukua ua moja la bangi-ulaya la petali nyingi, lipasue katikati kwa ukucha. Utaona petali ndani ya petali hadi kwenye kitako. Vile viua vidogo vya katikati, ambavyo kwenye ua la kawaida hutoa chavua, vimegeuzwa kuwa petali na wakuzaji wa maua kwa sababu mnunuzi anapenda ua lililojaa. Nyuki akitua hapo hapati chavua, na hata kama kuna tone la mbochi, yale maji matamu ya ua, chini hana njia ya kulifikia. Zinia za petali nyingi ni vivyo hivyo. Petunia zina neli ndefu, na ulimi wa nyuki wa asali una milimita 6 hivi. Mbochi iliyo chini ya neli ya sentimita kadhaa ni ya nondo wenye ulimi mrefu.

Tatu ni orodha. Lavenda zilichaguliwa kwa sababu zimo kwenye kila orodha ya maua ya nyuki, na orodha nyingi zinazozunguka kwenye simu zimeandikwa kwa bustani za Uingereza au Marekani. Zinaposema maua ya kiangazi zinamaanisha Juni hadi Agosti, miezi ambayo Arua kuna mvua, kishonanguo kimetapakaa kila ukingo wa shamba, na nyuki hawana shida. Isitoshe, mimea mingi ya huko husubiri ishara ambazo hapa hazipo. Lavenda ya Kiingereza huchanua vizuri ikishapitia baridi. Rudbekia, ua la bustani za huko, husubiri siku ndefu. Arua iko takriban nyuzi 3 kaskazini ya ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote haifiki nusu saa. Mmea unaosubiri mchana wa saa 15 utabaki majani matupu.

Nyuki gani hasa?

Kabla ya kuchagua mmea lazima swali hili lijibiwe, kwa kuwa watu husema “nyuki” wakimfikiria wa mzinga peke yake.

Eneo la mita za mraba 6.6 haliwezi kulisha mzinga. Kundi la nyuki wa asali hutumia makumi ya kilo za asali kwa mwaka kwa ajili yake lenyewe, na wachumaji wake huruka kilomita 2 au 3 bila taabu. Hao Desemba na Januari wanayo miembe na, nje ya mji, miti ya shea, ambayo huchanua wakati huohuo wa ukavu. Watakuja bustanini, na karibu sana, lakini maisha yao hayategemei pengo hili.

Wanaolitegemea ni wengine. Kuna nyuki wasiouma, wale weusi wadogo kama mbu wanaoishi kwenye matundu ya kuta na miti, ambao safari yao ni ya mita mia chache tu. Kuna nyuki wa peke yao, wasio na malkia wala mzinga, ambao kila jike huchimba shimo lake ardhini au hutumia tundu la mti mkavu. Na kuna wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa na kuvuma kama pikipiki. Hawa wakubwa wana faida moja ambayo nyuki wa asali hana: hulishika ua la biringanya na kulitikisa kwa mtetemo wa mwili hadi chavua imwagike. Ua la biringanya limefungia chavua yake ndani ya vijaluba vyenye vitundu vidogo kileleni, na nyuki wa asali hawezi kuitikisa hivyo. Kwa hiyo kama lengo ni biringanya, bustani ipangiwe nyuki wakubwa. Kwa maboga, nyuki wa asali na wale wadogo wanatosha.

Hapa uchaguzi ukabadilika kabisa. Mmea wa lazima ukawa ule unaowavuta weusi wakubwa, nao ni mbaazi.

Mimea iliyochaguliwa

Mbaazi, mashina 2, upande wa uzio. Zichukuliwe za aina ya kuchelewa, zile zinazolimwa na watu wa kaskazini na kukaa shambani muda mrefu, ambazo zikipandwa mvua zinapoanza hukaa miezi mingi kabla ya kuchanua na hivyo kuangukia mwanzo wa kiangazi. Mzizi wake hushuka chini sana, na baada ya miezi 3 ya kwanza hauhitaji jerikani hata moja. Ua ni la njano lenye umbo la ua la maharage. Nyuki mzito akitua kwenye petali mbili za chini zilizofungana, uzito wake huzifungua, na chavua humpaka tumboni. Nyuki mdogo hana uzito huo. Weka mbegu 2 kwa shimo, kina cha sentimita 4, umbali wa mita 1 kati ya mashimo, kisha ng’oa mche ulio dhaifu. Baada ya mavuno kata shina hadi usawa wa kiuno. Litachipua tena na kuendelea miaka 3 au zaidi.

Mtukutu, shina 1, kwenye kona ya uzio. Huu ndio mmea wa majani machungu ambao Waganda wanauita mululuza. Huchanua ukavu unapokolea, vichwa vidogo vyeupe vingi vyenye harufu tamu, na nyuki wa asali humiminika juu yake hadi kichaka kizima kinavuma. Unapandwa kwa kipande cha tawi lililokomaa, unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 35, theluthi mbili ikienda ardhini kwa mlalo kidogo. Ukiachiwa utafika mita 4 na kuziba jua la wenzake, kwa hiyo ukatwe kila mwaka. Tarehe ya kuukata ndiyo yenye uzito: kata maua yakishaisha, karibu na mvua za kwanza. Anayekata Septemba kwa ajili ya usafi wa ua anakata maua ya Januari. Na mwaka wa kwanza usitarajie mengi kutoka kwake.

Kivumbasi, mashina 5, katikati. Mbali na mbaazi, tukilazimika kubaki na mmea mmoja tu kwa bustani hii, tungebaki na huu. Ni ule mrehani mkubwa wenye shina gumu ambao Uganda unaitwa mujaja na hutiwa kwenye chai. Ua lake halimvutii mnunuzi hata kidogo: upana wa milimita 4 au 5, jeupe lenye ukijani, limepangwa kwa duara ngazi baada ya ngazi kwenye shuke. Mtazame nyuki hapo saa 3 asubuhi. Anatua kwenye mdomo wa chini wa ua, nyuzi za chavua zilizochomoza zinamgusa tumbo, kichwa kinaingia, anatoka, anapanda ua linalofuata, wala hakai sekunde 2 kwenye ua moja. Neli ni fupi kiasi kwamba hata nyuki asiyeuma mwenye ulimi mfupi kabisa anaifikia mbochi. Na shuke moja hufungua maua machache machache kwa siku nyingi, hivyo chakula hakiishi ghafla.

Vipande vya sentimita 15, vilivyoondolewa maua na majani ya chini, hushika mizizi kwa wiki 2 hadi 3 vikiwekwa kivulini kwenye udongo wenye unyevu. Vihamishiwe tutani Mei au Juni, sentimita 60 kati ya shina na shina. Kosa la kawaida ni kuyaacha mashuke yakomae mbegu yote: kichaka hugeuka kuni na maua hupungua. Kata theluthi ya juu, ila usikate mashina yote siku moja. Katika mpango huu mashina 2 hukatwa katikati ya Oktoba na 3 katikati ya Desemba, ili kila wakati kuwe na yanayochanua huku mengine yakichipua.

Alizeti na kosmosi, mstari mbele ya kivumbasi. Hizi ni za kujaza wakati mtukutu ungali mdogo. Alizeti ziwe za mbegu za mafuta, zile za wakulima. Jihadhari na pakiti za alizeti za mapambo zilizoandikwa kwamba hazitoi chavua. Ziliundwa ili zisichafue kitambaa cha meza. Kosmosi ziwe za petali 8 za tabaka moja, na urefu wa siku za hapa unazifaa, kwani huwahi kuchanua mchana usipokuwa mrefu. Panda kwa awamu 3: katikati ya Septemba, katikati ya Oktoba, na katikati ya Novemba. Alizeti huchukua siku 60 hadi 70 kufungua ua, kwa hiyo awamu hizo zitafunguka mwishoni mwa Novemba, mwishoni mwa Desemba na mwishoni mwa Januari. Awamu ya tatu ndiyo inayokula maji. Alizeti 2 au 3 kwa awamu zinatosha kwenye mstari huu.

Shubiri, 3, kwenye kona inayowahi jua. Uganda ina shubiri za kwake za asili, hazidai maji, na nyingi hutoa ua kwenye ukavu. Zinapandwa kwa machipukizi yanayotoka ubavuni mwa mama. Yaache yakauke jeraha kivulini siku 3 kabla ya kuyaweka ardhini, la sivyo yanaoza.

Ukingo wa kijia tumeuwekea mchaichai, mashina 4. Hapa hakuna maua kwa makusudi. Ndiyo mpaka wa watoto.

Iliyoachwa, na sababu zake

Lantana inachanua karibu mwaka mzima, lakini majani yake ni sumu kwa ng’ombe na mbuzi, na ndege husambaza mbegu zake hadi mashamba ya watu. Haipandwi, hata kama nyuki huiendea. Alizeti-mwitu, ile titonia ya njano ya kandokando ya barabara, ni chakula kizuri cha nyuki. Tatizo ni kwamba hufika mita 3 na kumeza kila kilicho jirani. Ibaki ng’ambo ya uzio, ikatwe kwa mbolea. Kaliandra ni nzuri pia, na wafugaji wengi Uganda wanayo kwa ajili ya malisho. Ua lake hufunguka jioni na mbochi ya usiku huchumwa na nyuki alfajiri, ila ni mti, na mita 6.6 za mraba haziutoshi.

Bougainvillea haikufikiriwa. Rangi yake ni ya majani, na ua halisi ni kile kineli chembamba cheupe katikati. Kifabakazi, mti wa maua ya moto, ni wa ndege. Katika vikombe vyake mara nyingi hukutwa wadudu waliokufa. Oleanda ni sumu kwa mtoto anayetafuna jani, na hilo linatosha.

Kazi ya tuta

Usichimbe Machi udongo ungali kama tofali. Subiri mvua 2 nzuri za kwanza, kisha chimba kina cha sentimita 40 na utoe kila mzizi wa mpera unaozidi unene wa kalamu, kwa sababu mpera huchipua kutoka mizizini. Pima: chimba shimo la sentimita 30 kila upande, lijaze maji. Yakiwepo bado baada ya saa 4, chini kuna tabaka gumu. Livunje kwa mtaimbo. Mbaazi huvumilia karibu kila kitu isipokuwa kusimama kwenye maji.

Samadi iliyooza iwe tabaka la sentimita 5 juu ya tuta zima, ambayo ni lita 330, yaani toroli 5 hadi 6 za lita 60. Ichanganye na sentimita 20 za juu. Ukizidisha, kivumbasi na mbaazi zitakupa majani mengi na maua machache. Sehemu ya shubiri isitiwe samadi kabisa.

Tuta lina upana wa mita 2.2 kutoka uzioni hadi kijiani: sentimita 70 za nyuma ni za mtukutu na mbaazi, 55 za kivumbasi, 55 za alizeti, kosmosi na shubiri, 40 za mwisho za mchaichai.

Sasa maji. Mikanda miwili ya katikati tu ndiyo inayomwagiliwa mara kwa mara: mita 1.1 mara mita 3 ni mita za mraba 3.3. Lita 15 kwa mita ya mraba hulowesha hadi mizizi ilipo, kwa hiyo kila mwagilio ni lita 50, yaani jerikani 2 na nusu. Mara 2 kwa wiki ni jerikani 5. Ya sita ni ya mtukutu kwa mwaka wa kwanza. Mchaichai utumie maji ya kufulia yasiyo na dawa ya kung’arisha nguo. Mwagilia jioni, polepole, kwenye visahani vya udongo kuzunguka mashina. Kunyunyiza kidogo kila siku hulowesha sentimita 3 za juu, mizizi ikafuata unyevu juu, na jua la Februari likaimaliza.

Matandazo ya nyasi kavu yawe sentimita 7, na hapa Nile Magharibi kuna mchwa. Acha nafasi ya sentimita 10 bila nyasi kuzunguka kila shina. Mchwa wakijenga ukingo wa udongo juu ya shina, uvunje kwa mkono kila asubuhi na usogeze nyasi mbali zaidi. Usimwage dawa, kwa kuwa dawa inayoua mchwa udongoni ndiyo itakayomuua nyuki anayechimba hapo.

Acha pia mraba wa sentimita 40 kwa 40 usio na matandazo wala mmea, upande wa jua karibu na shubiri. Hapo ni makazi ya nyuki wa peke yao. Mtu akija kukusaidia kufagia, mwonyeshe mapema.

Yanayoweza kwenda kombo

Mbuzi ndio hatari kubwa kuliko zote. Baada ya mavuno wanyama wengi huachiwa, na mbaazi mbichi katikati ya ukavu huonekana kutoka mbali. Uzio wa miti uliotosha kwa mpera hautatosha hapa. Ongeza matawi ya miiba hadi usawa wa kifua kabla ya Desemba.

Dawa za jirani huja baada ya mbuzi. Nyanya zikipigwa dimetoeti asubuhi, nyuki aliyetoka kwenye kivumbasi chako atafia huko, na sumu hiyo hubaki juu ya mmea kwa siku kadhaa. Zungumza na jirani mapema, kwa heshima, na umwombe mambo mawili: asipige dawa kwenye mimea yenye maua, na ikibidi kupiga, iwe baada ya saa 12 jioni nyuki wakiwa wamerudi. Kwako mwenyewe, vidukari kwenye mbaazi vioshwe kwa maji au vibanwe kwa vidole. Miche ya kununua nayo iangaliwe: baadhi ya watu wa vitalu humwaga imidaklopridi kwenye udongo wa kifuko, na dawa hiyo hupanda hadi kwenye chavua na kukaa humo muda mrefu. Ndiyo sababu mpango wote huu ni wa mbegu, vipande na machipukizi.

Kuhusu watoto. Nyuki wa asali wa hapa ni mkali akilinda mzinga. Akiwa uani hana cha kulinda, na hudunga akibanwa au akikanyagwa. Hatari ya kweli ni mguu mtupu juu ya ua lililodondoka, na mkono unaoshika shuke la kivumbasi bila kuangalia. Mchaichai unawaweka umbali wa kutosha. Kilicho muhimu zaidi ni maji. Kiangazi nyuki hutafuta maji, na wakishazoea bomba au karai la vyombo hawaachi. Weka beseni la lita 4 lenye mawe yaliyochomoza juu ya maji upande wa uzio, mbali na jikoni, na liwekwe Novemba kabla hawajajifunza njia ya jikoni. Badilisha maji kila siku 2 ili mbu wasizaliane.

Kwa wasomaji wa kusini zaidi, kama Bombo, Jinja au Masaka, mimea ni ileile lakini kalenda inagawanyika. Kwenu kuna ukavu mara mbili, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, na wote ni mfupi kuliko wa Arua. Alizeti na kosmosi zipandwe Aprili na tena Oktoba, kivumbasi kikatwe mara 2 kwa mwaka, na mtukutu ukatwe kwa kufuata maua yake wala si kwa kufuata mwezi.

Kupima kama kimefaulu

Usihesabu maua. Simama mita 1 kutoka tutani saa 3 asubuhi, siku isiyo na upepo, kwa dakika 5, na uhesabu wanaotua: nyuki wa asali, weusi wakubwa, wadogo wasiouma, na wengineo. Fanya hivyo mara moja kwa wiki kuanzia Desemba, uandike. Wiki ambayo wadogo hawapo ndiyo wiki yenye pengo, na hapo ndipo pa kusogeza tarehe ya kukata kivumbasi mwaka unaofuata. Tungetarajia upungufu mwishoni mwa Februari na Machi, mtukutu ukiwa umemaliza na mvua hazijafika. Jerikani zote zielekezwe kwenye kivumbasi wakati huo, hata kama kosmosi zitakauka.

Kisha inama kwenye ule mraba mtupu. Ukiona vitundu vyenye upana wa penseli au chini yake, kila kimoja na kifusi kidogo cha udongo laini pembeni, usimwagilie hapo tena mpaka mvua zinyeshe zenyewe.